Simon Nkoli na Wenzake

Siku moja, Simon Nkoli akiwa bado mtoto, aliwafungia wazazi wake ndani ya kabati la nguo. Polisi walikuwa wanakagua pasi, zile karatasi ambazo Mwafrika wa Afrika Kusini alilazimika kutembea nazo, ndugu wa kile kipande ambacho Wakenya walikivaa shingoni zama za mkoloni. Mama yake na baba wa kambo hawakuwa na kibali cha kuishi pale walipoishi. Wakaingia kabatini, mtoto akageuza ufunguo. Watu wazima wawili wakabana pumzi gizani katikati ya nguo zao, na usalama wao ukawa mkononi mwa mtoto.

Nkoli hakulisahau kabati lile. Alipokuja kuandika habari za maisha yake, katika kitabu kilichotoka 1994, kabati ndilo lililobeba simulizi yote, kwa kuwa Kiingereza alichokiandikia humsema mtu anayeficha kwamba anapenda watu wa jinsia yake kuwa yumo kabatini. Kabati la kwanza waliingia wazazi wake kwa sababu ya rangi yao. La pili aliingia mwenyewe. Na maisha yake yote ya siasa yalikuwa kazi ya kukataa kuchagua ni lipi kati ya hayo mawili livunjwe kwanza.

Jina lake halivumi sana Afrika Mashariki. Waliokua enzi za Radio Freedom, sauti ya ANC iliyorushwa hewani kutoka Dar es Salaam, wanawakumbuka Mandela, Tambo, Sisulu na Winnie. Wa Morogoro wanaikumbuka Mazimbu na wanafunzi wakimbizi waliosoma pale. Nkoli hakupita Mazimbu wala hakushika bunduki. Alikuwa mtu wa mikutano ya mtaani, wa kugawa vipeperushi, wa kuzika waliouawa. Mwanasiasa wa chini kabisa, pale ambapo siasa inahusu kodi ya nyumba ya mwezi ujao.

Alizaliwa Soweto tarehe 26 Novemba 1957. Sehemu ya utoto wake aliishi kwa babu na bibi kwenye shamba huko Free State, na baadaye familia ikakaa Sebokeng, kitongoji cha Waafrika kusini mwa Johannesburg. Alipofikia umri wa kama miaka 20 alimweleza mama yake kwamba anapenda wanaume. Mama akafanya ambalo akina mama wengi wangelifanya: akampeleka kwa waganga, akampeleka kwa mtumishi wa Mungu, mwisho akampeleka kwa mtaalamu wa saikolojia. Kijana akarudi nyumbani vile vile alivyoondoka.

Baadaye akawa kiongozi. COSAS, umoja wa wanafunzi wa shule ulioundwa 1979, ulimchagua katibu wa mkoa wa Transvaal. Habari zake zilipovuja, likazuka swali kama mtu wa namna hiyo anafaa kuendelea na cheo. Kikaitwa kikao, yakasemwa ya kusemwa, kura ikapigwa. Walio wengi wakataka abaki. Tukio dogo hili lina uzito wake. Wale walikuwa vijana wa shule, wengine hawajaota ndevu, wamelelewa katika makanisa na mila zile zile zinazotajwa hadi leo kila jambo hili linapozushwa. Walimpima mwenzao kwa kazi waliyomwona akiifanya, wakaona hawana sababu ya kumtupa.

Ikaja 1984. Baraza la mji wa Lekoa, lililowekwa na serikali ya makaburu kuvitawala vitongoji vya Vaal, Sebokeng kikiwamo, lilitangaza kupandisha kodi ya nyumba kwa randi 5 na senti 90 kwa mwezi. Kwa familia ambayo baba ameachishwa kazi kiwandani, hizo si senti za kuokota. Wakazi walikuwa na chombo chao, Chama cha Wakazi wa Vaal, kilichozaliwa Oktoba 1983 na kuungana na UDF, ule muungano mpana wa vyama vya mitaa, makanisa, wafanyakazi, wanawake na wanafunzi ulioanzishwa Agosti mwaka huo huo. Mikutano ilifanyika makanisani. Watu wakakubaliana kwamba nyongeza hailipwi, na tarehe 3 Septemba 1984 hakuna kwenda kazini wala shuleni. Siku hiyo hiyo serikali ilikuwa inazindua katiba mpya yenye mabunge matatu, la Wazungu, la Machotara na la Wahindi, huku Waafrika wakiachwa nje kabisa. Vaal ikawaka moto. Polisi wakaua watu, wakazi wenye hasira wakawaua madiwani, na wiki zilizofuata zikawa za mazishi.

Katika Afrika Kusini ya siku zile mazishi ndiyo yaliyokuwa mkutano wa hadhara. Serikali ilipiga marufuku mikusanyiko, lakini ilipata tabu kuwazuia watu kumzika mtoto wao. Kwa hiyo jeneza lilitangulia na hotuba zikafuata. Tarehe 23 Septemba 1984, wakitoka kwenye mazishi ya namna hiyo Sebokeng, Nkoli na wengine wengi walikamatwa. Alikaa kizuizini miezi mingi bila shtaka. Mwaka 1985 akasomewa mashtaka ya uhaini pamoja na watu 21 wengine, kosa ambalo adhabu yake ya mwisho ilikuwa kamba ya shingo. Kesi ilianzia katika mji mdogo wa Delmas, ikabaki na jina hilo hata ilipohamishiwa Pretoria. Miongoni mwa washtakiwa walikuwamo viongozi wa UDF, Popo Molefe na Mosiuoa Lekota, aliyejulikana zaidi kwa jina la Terror, na padri wa Kianglikana, Geoffrey Moselane. Mawakili Arthur Chaskalson na George Bizos, waliokuwa wamemtetea Mandela miaka ya 1960, walikuwa upande wao.

Gerezani ndiko jambo lilikoiva. Washtakiwa walilala pamoja, wakala pamoja, wakajadili kila kitu pamoja, kama ilivyo desturi ya wafungwa wa siasa. Ukazuka ubishi kuhusu mwenzao mfungwa aliyehusishwa na mapenzi ya wanaume, na maneno makali yakatamkwa. Nkoli angeweza kunyamaza. Alisema: hao mnaowasema ni pamoja na mimi. Baadhi wakashtuka na kuona hatari. Upande wa mashtaka ukilijua hili utalitumia kuwachafua wote. Wengine wakapendekeza ashtakiwe peke yake, kesi yake itengwe na yao. Majadiliano yakaendelea kwa muda mrefu, na hayakuwa ya upole.

Mwisho wakaamua kubaki wamoja. Lekota amewahi kueleza, miaka mingi baadaye, kwamba kumjua Simon gerezani kulimfundisha yeye na wenzake: walipokuja kuandika katiba, wangewezaje kumwambia mtu aliyesukuma gurudumu pamoja nao kwamba uhuru huu haumhusu? Maneno hayo yanafaa kupewa nafasi kubwa kuliko hotuba nyingi za haki za binadamu. Watu wale hawakusoma kitabu wakabadilika. Walikaa seli moja na mtu kwa miaka, wakaona anavyofua nguo, anavyowaandikia barua wapendwa wake, anavyokataa kumsaliti mwenzake mbele ya maofisa, ndipo maneno waliyolelewa nayo yakaanza kukosa mahali pa kukaa. Siasa ya mtaani ina faida hiyo ambayo ofisi haina. Huwaweka watu bega kwa bega kwenye kazi kabla hawajakubaliana juu ya mengine yote.

Upande wa pili mambo yalikuwa ya kusikitisha. Kabla ya kukamatwa Nkoli alikuwa mwanachama wa GASA, chama cha wapenzi wa jinsia moja ambacho karibu wanachama wake wote walikuwa Wazungu. Kilikuwa na kumbi za starehe na jarida, na kilijitangaza kuwa hakichanganyi mambo yake na siasa. Mwafrika aliyekuja kwenye tafrija zake alikuta kwamba ubaguzi wa mlangoni ni ule ule wa nchi nzima. Ndiyo maana mwaka 1984 Nkoli alianzisha kikundi chake, Kundi la Jumamosi, kwa ajili ya watu weusi. Alipofungwa, chama kile hakikusimama naye. Kikaona kesi ya uhaini ni siasa, na siasa si yao. Waliomtetea walikuwa mbali: wanaharakati wa Ulaya na Amerika Kaskazini, wakiwamo wa Toronto walioanzisha kamati yenye jina lake. Kule nje vyama vya kupinga ubaguzi wa rangi na vyama vya wapenzi wa jinsia moja, ambavyo mara nyingi havikuwa na mazungumzo, vikajikuta vinatuma barua kwa mfungwa mmoja. Shirikisho lao la kimataifa likaigeuka GASA, na chama kile kikasambaratika.

ANC yenyewe, ikiwa uhamishoni, ilikuwa bado inatafuta lugha. Mwaka 1987, jijini London, mwandishi mmoja wa habari alimuuliza Ruth Mompati, kiongozi wa ANC, msimamo wa chama juu ya wapenzi wa jinsia moja. Mompati hakuwa mtu wa kubeza. Alikuwa miongoni mwa wanawake walioongoza maandamano ya 9 Agosti 1956, wanawake 20,000 hadi majengo ya serikali Pretoria kupinga pasi, na miaka ya 1960 alifanya kazi Tanzania katika ofisi ya Oliver Tambo. Akajibu kwamba suala hilo halina uzito katika mapambano, na kwamba watu hao wanaishi vizuri tu. Jibu likachapishwa, likazua kelele, na Novemba mwaka huo Thabo Mbeki akaandika barua kutoka Lusaka kusema kwamba ANC inataka kuondoa ubaguzi na uonevu wa kila namna, na kwamba ulinzi huo unawahusu pia wapenzi wa jinsia moja.

Kumbukumbu ya Mompati haifai kupakwa matope kwa jibu moja. Ila linaonyesha jambo ambalo wanaharakati hulisahau: mtu aliyepigana na ubaguzi wa aina moja maisha yake yote anaweza asiuone wa aina nyingine uliokaa sebuleni kwake. Uonevu alioupata hauji na miwani ya kuonea wa wengine. Lazima mtu aje, mwenye jina na uso, aseme mimi nipo. Wakati Mbeki anaandika barua ile, aliyekuwa na jina na uso alikuwa Nkoli, mshtakiwa wa uhaini, nje kwa dhamana tangu katikati ya mwaka. Novemba 1988 akaachiwa huru. Molefe, Lekota na wengine wawili walipatikana na hatia ya uhaini, kisha mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo Desemba 1989.

Mwaka ule ule wa 1988 Nkoli alianzisha GLOW, umoja wa wapenzi wa jinsia moja wa Witwatersrand, wa rangi zote. Pamoja naye walikuwapo Beverley Ditsie, msichana wa Soweto ambaye hakuwa ametimiza miaka 18, na Linda Ngcobo. Makao ya umoja huu kwa maana ya kweli hayakuwa ofisi. Mojawapo yalikuwa nyumba ya mama mmoja wa KwaThema, kitongoji cha mashariki ya Johannesburg, aliyeitwa MaThoko. Mama huyu aliuza pombe nyumbani kwake, katika shibini kama zilivyo nyingi vitongojini, na akawapokea vijana waliofukuzwa na familia zao. Walilala kwake, walikula kwake, walivaa watakavyo kwake. Tawi la GLOW la KwaThema likakutana pale. Leo kuna chapa ya vitabu Afrika Kusini yenye jina lake, MaThoko's Books, heshima ambayo mama muuza pombe haipati mara nyingi popote duniani.

Wanaosema mapenzi ya jinsia moja yaliletwa na Wazungu wangefaidika kumjua MaThoko. Hoja hiyo ilipigiwa debe hata Johannesburg. Mwaka 1991, Winnie Mandela alipokuwa kizimbani, nje ya mahakama yalibebwa mabango yaliyosema mapenzi ya jinsia moja si utamaduni wa mtu mweusi. Na hoja hiyo inasikika Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, katika nchi ambazo vifungu vya kuwaadhibu watu hawa viliandikwa kwanza kwa kalamu ya mkoloni Mwingereza.

Jumamosi ya tarehe 13 Oktoba 1990, watu wapatao 800 walikusanyika Braamfontein, Johannesburg, kwa maandamano ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Mandela alikuwa ametoka gerezani miezi minane tu nyuma. Sheria ya kuwafunga wanaume wapendanao ilikuwa bado inafanya kazi. Waandaaji walijua kwamba wengine wangetamani kuja lakini wangepoteza kazi, nyumba au watoto endapo picha zao zingetokea gazetini. Wakaleta mifuko ya karatasi, ile ya kufungia bidhaa dukani, iliyotobolewa matundu ya macho. Aliyeogopa akavaa mfuko kichwani akaandamana.

Mtu anayeziangalia picha za siku ile huona mchanganyiko wa ajabu. Mwanamume aliyevaa shati safi la kwendea kanisani, na juu ya shati ni mfuko wa kahawia wenye matundu mawili. Pembeni yake dada anayecheka, uso wazi. Mbele yao mabango ya kudai haki ya mtu mweusi na ya mpenzi wa jinsia moja kwenye ubao mmoja. Nkoli alipopanda kuhutubia alisema yeye ni mweusi na ni mpenzi wa jinsia moja, na kwamba hawezi kuyagawa mapambano hayo, hili la kwanza na lile la baadaye, kwa sababu yote yanaishi katika mwili mmoja. Edwin Cameron, wakili Mzungu ambaye baadaye alikuja kuwa jaji wa Mahakama ya Katiba, alisema pia siku ile. Ditsie akasema, akiwa na umri wa miaka 19.

Ditsie alilipa gharama yake. Sura yake ilipoonekana kwenye televisheni, wanaume walikusanyika nje ya nyumba yao Soweto wakitishia kumfundisha adabu, na kila mwanamke wa kitongojini alijua adabu hiyo ni ipi. Hapa ndipo mapambano mengine yaliyokuwa ndani ya mapambano yalipojitokeza. Katika GLOW wanaume ndio waliosikika zaidi. Hofu ya Ditsie na wanawake wenzake ilikuwa kubakwa na kuuawa njiani. Hofu ya Nkoli, aliyekuwa ameshajijua kuwa ana virusi vya UKIMWI, ilikuwa ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza rafiki zake huku serikali ikitazama. Kila mmoja alitaka umoja ushike lake kwanza. Ditsie amelieleza jambo hili kwa uwazi katika filamu yake ya 2002, Simon and I, na hakujaribu kuufunika ufa ule kwa maneno matamu. Alimpenda Simon kama kaka, na alimkasirikia.

Ufa haukumzuia kufanya kazi. Septemba 1995, kwenye mkutano wa nne wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake mjini Beijing, alipanda jukwaani akaziambia serikali za dunia kwamba haki za wanawake hazikamiliki ikiwa mwanamke anayempenda mwanamke hazimfikii. Msichana aliyetishiwa nyumbani kwao Soweto akawa mwanamke wa kwanza anayejitambulisha wazi hivyo kulisemea jambo hili mbele ya mkutano wa aina ile.

Nyumbani kazi ilikuwa ya katiba. Katiba ya mpito ya 1993 ilikuwa imeshataja mwelekeo wa kimapenzi miongoni mwa misingi ambayo hairuhusiwi kumbagua mtu. Swali likawa kama neno hilo litabaki katika katiba ya kudumu. Desemba 1994 vyama vidogo vidogo vya nchi nzima viliungana kuwa umoja wa kitaifa, Nkoli akiwamo, na mkurugenzi wake akawa Zackie Achmat, mtoto wa Cape Town aliyefungwa na makaburu akiwa bado kijana mdogo. Walifanya kazi ya miguu. Barua zilikusanywa, wabunge wakatembelewa mmoja mmoja, viongozi wa dini wakaombwa kusema. Askofu Mkuu Desmond Tutu aliandika barua kwa wajumbe wa bunge la katiba mwaka 1995 akitaka kifungu kibaki. Na ndani ya vikao vya ANC walikuwapo watu wa Delmas, ambao hawakuhitaji kuelezwa habari za Simon na mtu yeyote.

Katiba ya 1996 ikatoka, kifungu cha 9, na humo rangi, jinsia, ujauzito, ndoa, asili, mwelekeo wa kimapenzi, umri, ulemavu, dini, lugha na mengineyo yamepangwa katika sentensi moja. Ilikuwa katiba ya kwanza ya kudumu ya nchi yoyote duniani kuutaja mwelekeo wa kimapenzi namna hiyo. Tarehe 9 Oktoba 1998 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria ya kuwafunga wanaume wapendanao, katika kesi iliyofunguliwa na umoja ule wa kitaifa. Rais wa mahakama hiyo alikuwa Arthur Chaskalson, wakili wa Delmas.

Nkoli aliishi wiki saba tu baada ya hukumu hiyo. Alifariki tarehe 30 Novemba 1998 kwa UKIMWI, akiwa na miaka 41, katika nchi ambayo dawa zilikuwapo kwa wenye fedha peke yao. Katika ibada ya kumkumbuka, Achmat alisema yatupasa kudai dawa, na tarehe 10 Desemba watu wachache wakaketi kwenye ngazi za Kanisa Kuu la St George's, Cape Town, wakikusanya saini. Ndio mwanzo wa Treatment Action Campaign. Kikundi kile kilikua hadi kuwa na maelfu ya wanachama, wengi wao wanawake weusi wa vitongojini wasio na ajira, waliojifunza majina ya dawa na kazi ya chembechembe za damu hadi wakaweza kumhoji daktari. Mwaka 2002 walishinda mahakamani, serikali ikaamriwa kuwapa dawa ya nevirapine akina mama wajawazito wenye virusi ili watoto wasiambukizwe. Wengi wa walionufaika hawakuwahi kusikia habari za Kundi la Jumamosi. Dawa iliwafikia kupitia msiba wake.

Sheria ya ndoa kwa wote ilianza kutumika tarehe 30 Novemba 2006, miaka minane kamili tangu afe.

Hapa msimuliaji mwenye haraka angeweka nukta. KwaThema inamzuia. Katika kitongoji kile kile cha MaThoko alikulia Eudy Simelane, kiungo wa timu ya taifa ya wanawake, Banyana Banyana, aliyekuwa akisomea uamuzi wa mpira na kutamani kushika filimbi. Aliishi wazi kama mwanamke anayependa wanawake. Mwili wake ulikutwa kwenye kijito karibu na kwao tarehe 28 Aprili 2008, siku moja baada ya sikukuu ya Uhuru. Alikuwa amebakwa na kuchomwa visu, akiwa na miaka 31. Wauaji wawili walifungwa, na hiyo haikuwa kawaida, kwa sababu kesi nyingi za namna hiyo hupotelea kituoni. Ila jaji alisema mwelekeo wake wa kimapenzi haukuwa na uzito katika mauaji hayo, na wanawake waliojaa nje ya mahakama siku baada ya siku, wameshika picha yake, hawakukubaliana naye.

Wanawake hao walikuwa wameshajipanga. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 walikuwa na shirika lao Johannesburg, Forum for the Empowerment of Women, ambalo mmoja wa waanzilishi wake ni mpiga picha Zanele Muholi, na tangu 2004 waliandaa maandamano yao Soweto, kwa kuwa yale ya mjini yalikuwa yamewaacha. Yalikuwa yamehamia mitaa ya kitajiri, yakageuka tamasha lenye uzio na vibanda vya vinywaji. Mwaka 2006 waliungana na wengine katika kampeni ya One in Nine kuwasimamia wanawake waliobakwa wanaothubutu kwenda mahakamani.

Tarehe 6 Oktoba 2012, gwaride la Johannesburg likipita Rosebank, wanawake wapatao 20 wa kampeni hiyo walijitokeza wakalala barabarani. Waliweka na masanamu chini kuwakilisha waliouawa. Walichoomba ni dakika moja ya ukimya. Baadhi ya walioandamana, Wazungu wengi wao, waliwapigia kelele wapishe njia. Wakavutwa, wakasukumwa, wakaambiwa warudi vitongojini kwao. Miaka 22 baada ya mifuko ya karatasi, ndani ya maandamano yaliyoanzishwa na mtu aliyesema rangi na mapenzi havigawanyiki, watu weusi walioomba dakika ya kuwakumbuka wafu wao waliambiwa warudi kwao. Picha za video zilisambaa, aibu ikawa kubwa, na mwaka uliofuata kampuni iliyoendesha gwaride lile ikavunjwa.

Yapo mambo yaliyosogea Afrika Mashariki pia. Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba serikali haikuwa na haki ya kukataa kusajili shirika linalotetea wapenzi wa jinsia moja, ingawa kitendo chenyewe kinabaki kosa kisheria. Kesi hiyo ilidumu miaka kumi kwa sababu watu wachache walikataa kubadilisha jina la shirika lao. Lakini Mei mwaka huo huo Uganda ikapitisha sheria dhidi yao yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa.

Na KwaThema juu ya kijito kile kuna daraja dogo la kumkumbuka Eudy Simelane. Wanafunzi hupita. Huko Pietermaritzburg, tangu 2016, kumekuwa na mhadhara wa kila mwaka wenye jina lake, unaowakutanisha wachungaji, wanatheolojia na wapenzi wa jinsia moja wa makanisa ya kawaida, kusoma Biblia na kuulizana walifanya nini wakati mabinti zao wakiuawa. Wenyeji wake ni kituo cha Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal ambacho kwa miaka mingi kimefanya kazi na wasio na ajira, wagonjwa wa UKIMWI na wanawake waliopigwa. Kinaitwa Ujamaa, neno lililosafiri kutoka Tanzania. Mama yake Eudy amewahi kuketi katika ukumbi ule, muumini wa kanisa lake tangu utoto, akisikiliza wachungaji wakilitaja jina la mwanawe bila kushusha sauti.